Shaba Iliyobaki: Jinja, Kasese na Kilembe

Kila habari za Kilembe, mgodi wa zamani wa shaba huko Kasese, magharibi mwa Uganda, zinaporudi magazetini, swali huwa lilelile: shaba itaanza kuchimbwa lini tena? Hapa Jinja, mashariki mwa nchi kando ya Ziwa Victoria, mezani pa chai, watu hugawanyika mara mbili, wanaoamini na waliochoka kuamini. Mimi huuliza swali lingine, na mara nyingi linaharibu maongezi: ile iliyokwisha kuchimbwa, mabaki yake yako wapi, na ndani yake mna nini?

Nimekulia Kasese, kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya uani. Jirani huyu katoka Kongo, yule Kenya, wa tatu Mkonzo wa mlimani, na watoto wote tunagombania mpira mmoja. Siku hizi nafanya kazi ya maabara, kupima maji na udongo. Kwa hiyo naomba radhi mapema kama nitazungumza sana juu ya ndoo, chekecheo na tindikali. Ndiko nilikopata nilichonacho cha kusema.

Kwa asiyeijua historia, ni fupi. Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese. Jiwe lilisagwa hukohuko Kilembe, madini yakatenganishwa kwa povu (viputo hubeba madini juu, mchanga hubaki chini), kisha makinikia ya shaba, yaani unga wenye shaba nyingi, yakapakiwa kwenye treni hadi Jinja. Kwa nini Jinja, mbali kote huko? Kwa sababu ya umeme. Bwawa la Owen Falls, lililo hapahapa Jinja, lilikuwa limefunguliwa mwaka 1954, na tanuru la kuyeyushia lilikuwa la umeme. Kutoka Jinja shaba ghafi iliendelea na reli mpaka Mombasa. Miaka ya 1970 kazi ikadorora, na ilipofika 1982 ikakoma.

Takwimu zinazonukuliwa kila mahali zinasema hivi: takriban tani milioni 16 za jiwe, zenye shaba asilimia 1.95 na kobalti asilimia 0.17, zilitoa takriban tani 271,000 za shaba. Chukua kalamu. Asilimia 1.95 ya milioni 16 ni tani 312,000. Toa 271,000. Zinabaki tani 41,000 za shaba zilizotoka ardhini lakini hazikupanda meli. Nimezipigia hesabu hizi mara nyingi mbele ya watu, na kila mara kuna mtu anayegeuka kuangalia upande wa ziwa, kama vile tani hizo zimefichwa nyuma ya kiwanda cha zamani.

Hazipo huko, au zilizopo ni chache. Viwanda vya shaba duniani, kwa wastani, huacha kama tani 2.2 za slagi, yale yaitwayo mavi ya shaba, kwa kila tani moja ya shaba wanayotoa. Kwa kipimo hicho tanuru la Jinja lingekuwa limeacha karibu tani laki sita. Slagi ya kawaida huwa na shaba kati ya nusu asilimia na asilimia moja, basi tunazungumzia tani 3,000 hadi 6,000. Hii ni hesabu ya mezani, si ya mizani, na anayetaka kuipinga aje na vipimo. Lakini hata ukiikosoa kwa nusu nzima, jibu halibadiliki: sehemu kubwa ya shaba iliyopotea haikupotelea Jinja. Ilibaki Kilembe, kwenye mchanga laini uliomwagwa bondeni baada ya povu kuchukua kilicho bora. Nitarudi huko, maana ndiko kwenye maji.

Kwanza slagi, kwa sababu ndiyo watu wanayoiona na kuiokota.

Tanuruni makinikia huyeyushwa pamoja na mchanga wa silika. Silika hukamata chuma, vikaelea juu kama mafuta juu ya mchuzi, na shaba iliyoshikana na salfa, ambayo ni nzito zaidi, ikashuka chini. Cha juu humwagwa nje, hicho ndicho slagi. Cha chini hupelekwa kwenye tanuru la pili, hupulizwa hewa hadi salfa iungue, na kutoka hapo hupatikana shaba ghafi yenye usafi wa asilimia 98 au 99. Kinachomwagwa hupoa na kuwa jiwe jeusi zito, ambalo sehemu yake kubwa ni fayalaiti, yaani chuma na silika vilivyofungana.

Ndani ya jiwe hilo shaba inaweza kukaa kwa namna mbili, na hapa ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Ya kwanza ni vitone vidogo vya shaba na salfa ambavyo vilikuwa bado vinashuka wakati slagi ilipomwagwa, vikanaswa njiani. Ya pili ni shaba iliyoyeyuka ndani ya slagi yenyewe, imetawanyika kiasi kwamba hakuna kitone cha kuonyesha kidole. Kobalti kwa kawaida huenda njia hiyo ya pili, kwa kuwa tabia yake iko karibu na ya chuma, ikaingia ndani ya fayalaiti na kutulia humo.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi tanuruni alinifundisha kipimo ambacho hakimo kwenye vitabu vyangu. Alichukua jiwe, akalipiga kwa jingine, akageuza upande uliovunjika kwenye jua. “Tazama hapa, mwanangu. Ukiona vitone vya manjano au vya zambarau, humo mna kitu. Ukiona kama kioo tu, acha.” Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Rangi ya zambarau ni ya bornaiti, madini ya shaba, chuma na salfa. Na kile cheusi kinachong'aa kama kioo ni slagi iliyopoa haraka mno, pengine iliyomwagiwa maji, hata vitone havikupata nafasi ya kukutana na kukua. Slagi iliyopoa polepole ukiisaga na kuipitisha kwenye povu unaweza kuirudisha sehemu nzuri ya shaba yake. Ile ya kioo, utasaga mpaka umeme ukuishie.

Nikamwambia mzee kwamba maabara ingemwambia pia asilimia. Akacheka. “Asilimia ya jiwe hili, au ya kilima?”

Swali hilo ndilo linalowashinda wengi wanaokuja na bunduki ya eksirei mkononi. Kifaa hicho ni kizuri, nakitumia na nakipenda: unaelekeza, unabonyeza, baada ya dakika moja unasoma chuma, shaba, zinki, risasi. Lakini kinasoma ngozi ya jiwe tu. Kama mvua imepitia hapo juu kwa miaka arobaini, unasoma kazi ya mvua. Tena hakikuambii shaba imekaa kwa namna gani kati ya zile mbili. Kwa hilo unahitaji kipande kilichokatwa chembamba na kusuguliwa kikang'aa, na mtu mwenye subira kwenye hadubini.

Na kilima hakifanani na chenyewe. Slagi ya miaka ya mwanzo haiko tabaka moja na ya miaka ya mwisho. Malori yalimwaga leo huku, kesho kule. Ukichukua sampuli pembeni kwa sababu ndiko kunakofikika kwa miguu, umepima pembeni. Inabidi uchimbe mashimo kwa mistari, uchukue kila mita, uvunje, uchanganye, ulilaze rundo chini, uligawe robo nne, utupe robo mbili zinazotazamana, uchanganye tena, ugawe tena, mpaka ubaki na mfuko unaobebeka. Ni kazi ya sepetu na turubai. Hakuna anayeipiga picha. Kwa maoni yangu ndiyo nusu ya kazi yote, na bajeti nyingi nilizoziona huipa mstari mmoja.

Kisha kuna kipimo ninachokiamini zaidi kuliko asilimia, nacho ni cha maji. Unachukua slagi iliyopondwa, lita kumi za maji safi kwa kila kilo, unaitikisa saa 24, unachuja, unapima kilichotoka. Unaweza kukuta slagi yenye shaba nyingi inayoachilia kidogo sana, kwa sababu imefungwa ndani ya fayalaiti. Na unaweza kukuta yenye shaba kidogo inayoachilia nyingi, kwa sababu ile kidogo yote iko kwenye vitone vya salfa vilivyoanza kuoza. Rudia kipimo kwa maji yenye tindikali kidogo na utapata picha nyingine kabisa. Anayekuambia slagi ni sumu, au slagi ni salama, bila kukuonyesha maji yake, anakupa maoni tu.

Haya si mambo ya kitabuni. Jirani yangu mmoja alijazia tope la mbele ya lango lake kwa mawe meusi ya aina hiyo, na njia yake ni nzuri kuliko yangu. Vipande vikubwa, vimekaa, havisagwi: sikuona haja ya kumtia hofu. Aliponiuliza kama anaweza kuyaponda na kutandaza kwenye uwanja wa kuku, nilimwambia hapana. Ukiponda unaongeza nyuso, na kila uso mpya ni mlango. Kuku hudonoa chochote.

Matumizi mazuri yapo, na hayakuanza jana. Hayle, kule Cornwall nchini Uingereza, walikuwa wakimwaga slagi ingali moto kwenye kalibu na kupata matofali meusi mazito. Kuta na daraja walizojenga nayo karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19 bado zinaonekana. Siku hizi njia iliyochunguzwa zaidi ni kuweka slagi mahali pa sehemu ya mchanga kwenye zege. Watafiti wa Oman walionyesha kwamba unaweza kubadilisha mpaka karibu nusu ya mchanga bila nguvu ya zege kushuka. Ukizidisha, tatizo linatoka upande usioutarajia: slagi ina uso wa kioo, hainywi maji, kwa hiyo maji yaliyozidi yanapanda juu na zege linadhoofika. India iliingiza slagi ya shaba kwenye kiwango chake cha kokoto na mchanga wa ujenzi, IS 383, toleo la 2016, kwa mipaka. Usisahau uzito pia. Mchanga wa kawaida una uzito wa mara 2.65 ya maji, slagi ni kama mara 3.5. Lori lako la tani saba litaonekana halijajaa, na dereva atakuona umemdanganya.

Njia nyingine ni saruji. Kiwanda cha saruji huhitaji chuma kidogo kwenye mchanganyiko kabla ya kuchoma, na slagi ina chuma tele. Tororo, kunakotengenezwa saruji, si mbali na Jinja. Pia hutumika kupulizia vyuma ili kutoa kutu kabla ya kupaka rangi. Huko ina heri moja kubwa: silika yake imefungwa, haina vumbi kali linaloharibu mapafu kama mchanga wa kawaida. Ila ukikuta arseniki kwenye vipimo, heri hiyo imekwisha.

Wanaotaka kurudisha metali yenyewe wana walimu wawili jirani, mmoja wa kuiga na mmoja wa kuogopa.

Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, kuna kile kilima cheusi kando ya bomba refu la moshi, kila aliyefika mjini anakijua. Ni mabaki ya miongo ya kuyeyusha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza kukila kilima hicho: slagi ikayeyushwa upya kwenye tanuru kubwa la umeme pamoja na makaa, ili kobalti iachane na chuma chake na kutoka pamoja na shaba, na mchanganyiko huo ukasafirishwa mpaka Kokkola, Finland, kusafishwa. Iliwezekana kwa sababu slagi ya Katanga ina kobalti nyingi, kama asilimia mbili. Halafu likaja jambo ambalo mimi hulisimulia kila ninapopata nafasi: kilima kilekile kina jerimani, metali inayotumika kwenye nyaya za mwanga za mawasiliano, na mwaka 2024 walisafirisha makinikia ya kwanza ya jerimani kwenda Ubelgiji. Jerimani ilikuwa humo siku zote. Maabara hupima kile ulichoandika kwenye fomu.

Kitwe, Zambia, wana mlima wao wa slagi, wanauita Black Mountain. Mwaka 2018 vijana waliruhusiwa kuchimba sehemu yake, na mwezi Juni mwaka huohuo upande mmoja uliporomoka ukaua watu kumi. Slagi ni nzito, imelala kwa mteremko wake wa asili, na ukiikata kutoka chini kwa sepetu, inakushukia. Kabla ya kuuliza kilima kina shilingi ngapi, mtu aulize nani atachimba, na kutoka upande gani.

Sisi nasi tuna mfano wetu, na nashangaa Waganda tunavyousahau. Kilembe, mbali na makinikia ya shaba, ilikuwa ikitenga makinikia mengine ya pairaiti, yaani chuma na salfa, yenye kobalti ndani. Hayakuwa na soko, yakarundikwa Kasese: zaidi ya tani milioni moja, zenye kobalti kama asilimia 1.4. Nilipokuwa mtoto, kwetu hilo lilikuwa tu vumbi la manjano ambalo halioti kitu. Pairaiti ikipata hewa na mvua hutoa tindikali, na tindikali hiyo ilishuka kuelekea Ziwa George, ikaacha ukanda wa majani yaliyokufa ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth.

Kilichokuja kuliondoa rundo hilo ni bakteria. Kampuni ya Kasese Cobalt, iliyoanza kuzalisha mwaka 1999, iliweka makinikia kwenye matangi makubwa ya maji yenye tindikali, ikapuliza hewa, na kuwaachia vijidudu wanaoishi kwa kula chuma na salfa. Wakiivunja pairaiti, kobalti iliyofungwa ndani inaingia kwenye maji. Chuma kinaondolewa kwa kuongeza mawe ya chokaa, na kobalti inavutwa kwa umeme ikatoka kama bamba safi. Bei ya kobalti ilipoanguka walisimama, ilipopanda wakarudi, na muongo uliopita rundo likaisha na kazi ikaisha nalo. Kile kile kilichokuwa kinaua majani, yaani pairaiti kuoza na kutoa tindikali, ndicho kilichofanywa mtambo. Tofauti ni kwamba kilikuwa ndani ya tangi na mtu amesimama anasoma kipimajoto.

Mtambo huo usingefaa slagi ya Jinja hata siku moja. Slagi haina salfa ya kutosha kuwalisha hao wadudu. Namwambia hivi kila kijana anayenijia na wazo la “tufanye kama Kasese.” Rundo la pairaiti, jiwe la tanuru na mchanga wa bondeni vimetoka mlima mmoja, lakini kila kimoja kina ugonjwa wake.

Sasa huo mchanga wa bondeni. Kilembe iko kwenye bonde jembamba, na mto Nyamwamba unapita katikati, ukitoka theluji na mvua za Rwenzori. Mabaki ya kusaga yalirundikwa kandokando humo. Mwezi Mei 2013 mto ulifurika, na Mei 2020 ukafurika vibaya zaidi, ukafika mpaka hospitali. Kila mara maji yanamega marundo na kuyashusha Kasese, kwenye mashamba, kisha ziwani. Watafiti waliopima udongo na mboga za bonde hilo wamekuta shaba, kobalti na nikeli juu ya kawaida. Ukichukua hesabu yangu ya mwanzo, ukaziondoa tani za slagi na kidogo kilichokuwa kwenye pairaiti, kisha ukagawa kwa tani za mchanga huo, shaba iliyobaki humo inakaribia robo asilimia. Ni kidogo. Lakini imekwisha kuchimbwa, imekwisha kusagwa, na hizo ndizo gharama kubwa mbili za mgodi wowote.

Kwa hiyo kama ningepewa fedha za kupima sehemu moja tu, nisingeanza na slagi ya Jinja, ingawa ndiyo iliyo karibu na kitanda changu. Slagi imekaa, inaweza kungoja. Ningepeleka mashine ya kutoboa Kilembe, nitoboe marundo yaliyo kando ya mto mpaka chini, tabaka kwa tabaka, nipime shaba, kobalti, salfa na chokaa ya asili inayoweza kuzuia tindikali, na nijue rundo lipi mto utalila kwanza. Na katika mkataba wowote wa mgodi ningeandika kwamba anayepewa anachukua na mabaki, kwa ratiba, si mwamba mpya peke yake. Mwenye mgodi atasema robo asilimia haimlipi. Pengine peke yake haimlipi kweli. Ndiyo maana isiachwe isimame peke yake kwenye meza ya mazungumzo.

Kuna ugumu mmoja ambao sampuli haziutatui. Watu wanaishi na kulima karibu kabisa na marundo hayo, wengine kwa miaka mingi kuliko mimi nilivyo na cheti. Ukisema “tuhamishe mchanga,” mama mwenye bustani ya maharagwe pale anasikia “tukuhamishe wewe,” na mara nyingi amesikia sawasawa. Nilipoenda kuchukua udongo kwa kazi nyingine, mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, “Na majibu mtayaleta hapa, au yatabaki Kampala?” Niliyaleta, yameandikwa kwa mkono kwa Kiswahili, kiganja kimoja cha karatasi: usipande majani ya kuliwa upande huu, ndizi upande ule hazina neno, maji ya kunywa chukueni bombani. Akasoma, akaniuliza bomba lenyewe litarudi lini.